Mzee akinuna, tusikimbilie jini wala dawa za nguvu

Kaa baada ya Alasiri kwenye baraza yoyote ya Kibokoni au Bondeni, hukosi kusikia: "Mzee siku hizi hasemezeki." Aliyekuwa mcheshi sasa mkali, usingizi hauji, mazungumzo hayataki. Wengine husema ni uzee, wengine jini. Mwenyewe hununua dawa za nguvu kwa siri.

Mwili una sehemu yake. Homoni ya kiume, testosteroni, hupungua kwa kiasi cha asilimia 1 kila mwaka mwanamume akishafika makamo. Haikatiki ghafla kama mwanamke anapokoma hedhi, kwa hivyo wengi hawatambui. Ikishuka sana huleta uchovu, huzuni na kukosa hamu.

Lakini tusiitwike homoni mzigo wote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi wenye homoni ya chini. Waliopewa jeli ya testosteroni kwa mwaka mmoja walichangamka kidogo tu kuliko waliopewa jeli isiyo na dawa. Kisukari, unene na kukosa usingizi pia huishusha homoni hiyo.

Na hapa Mombasa kuna sababu isiyoonekana kwenye damu. Amri ya mwaka 2019 ya kupeleka makontena bara kwa reli ya SGR iliwaacha madereva na makarani wengi bila kazi. Iliondolewa Septemba 2022, lakini si wote waliorudi kazini. Mwanamume aliyezoea kuingia nyumbani na kapu la sokoni, akiingia mikono mitupu atanuna hata homoni yake ikiwa sawa.

Kwa hivyo kwanza apimwe: sukari, presha, tezi ya shingo, na testosteroni asubuhi, tena mara mbili kwa siku tofauti. Asijidunge homoni bila daktari. Huzidisha uzito wa damu, na ni hatari kwa mwenye saratani ya tezi dume.

Kambi za matibabu za bure mitaani hupima sukari na macho. Nawaomba wanaoziandaa waongeze swali moja kwa wazee wetu: moyo wako u hali gani? Nanyi vijana, muulizeni baba kabla ya kumsema barazani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.