Msiwapokonye Vijana Riwaya za Upelelezi

Wako walimu, na wako wazazi, ambao wakimwona kijana ameinamia kitabu chenye picha ya bastola au ya maiti juu ya jalada lake, humpokonya kitabu hicho na kumwamuru akasome vitabu vya maana. Kitabu hufungiwa kabatini hadi mwisho wa muhula, na kijana huondoka akiwa amejifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba kusoma kwa raha ni kosa. Sisi tunasema kwamba mwalimu huyo amekosea, na katika kurasa hizi tunakusudia kueleza sababu zetu. Hatusemi hayo kwa ajili ya kutetea mchezo na upuuzi. Ugomvi huu mdogo wa kabatini umebeba suala kubwa, suala la namna taifa linavyowafundisha watoto wake kutenganisha tuhuma na ushahidi.

Washtaki wa riwaya za upelelezi huleta mashtaka matatu. Husema kwanza kwamba riwaya hizi ni za kigeni. Husema pili kwamba zinafundisha uhalifu. Husema tatu kwamba hazina hadhi, na wataalamu wamezipa jina la fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni aibu. Haki inataka mshtakiwa asikilizwe, kwa hiyo tutayajibu mashtaka haya moja baada ya jingine.

Shtaka la ugeni hatulikani lote. Umbo la hadithi ya upelelezi, kama lijulikanavyo leo, lilianzia ng'ambo. Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika hadithi ya namna hiyo mwaka 1841, na huko Uingereza Arthur Conan Doyle akamleta mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1887. Lakini je, ni kitu gani katika utamaduni wetu ambacho hakikupata kuvuka bahari? Chai haikuota kwetu tangu mwanzo, na leo hakuna anayethubutu kuwaambia watu wa Mufindi au wa Kericho kwamba chai si yao. Taarabu ilitoka Misri, na Siti binti Saad akaishika, akaiimba kwa Kiswahili, hata santuri zake zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928 zikasikika pwani nzima. Tena mmoja wa nyimbo zake mashuhuri, Kijiti, ni habari ya mauaji. Unamlalamikia muuaji aliyetoroka, na sheria iliyowaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Basi kusimulia uhalifu na kuuliza haki iko wapi ni jambo ambalo watu wetu walilifanya kwa sauti na ala kabla halijafanywa kwa riwaya.

Zaidi ya hayo, kiini cha hadithi ya upelelezi kimo katika malezi yetu ya asili. Mtoto wa Kiswahili, kabla hajajua kalamu, alikaa jioni akasikia "Kitendawili!" naye akaitikia "Tega!" Akitegwa, alitafuta dalili ndani ya maneno, akalinganisha, akakosea, akajaribu tena, na akishindwa kabisa alitoa mji. Sisi watu wa vina na mizani tunajua vilevile kwamba washairi, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), wamekuwa wakitupiana mafumbo na kutakana wayafumbue. Riwaya ya upelelezi ni kitendawili kirefu. Mwandishi hutega, msomaji huhangaika, na mji hutolewa katika sura ya mwisho. Aliyeona ugeni mtupu hapo ameitazama kofia ya mtu asimtazame uso.

Muhammed Said Abdulla aliujua uso huo. Alizaliwa Unguja mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa uandishi wa magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58, ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Ndani yake tunakutana na Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na macho yasiyolala, pamoja na sahibu yake Najum. Kweli, kiko kile kinatukumbusha Holmes. Lakini tazameni kazi anayopewa Bwana Msa! Mtu mwenye mali ameuawa, na maiti yake imeonekana mahali pa mizimu, mahali panapoogopwa. Wako walio tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua, na shauri likaishia hapo. Bwana Msa hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alifaidika, nani amesema neno lisilolingana na neno la jana. Hilo ni swali la kwetu, limeulizwa kwetu, dhidi ya hofu ya kwetu. Hata kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi (1968), kimechukua jina la mji ambao katika masimulizi ya visiwani ni makao ya wachawi. Mwandishi alikusudia kuingia na taa mahali ambapo watu walizoea kuingia na woga.

Hapa tunafika kwenye shtaka la pili, kwamba riwaya hizi zinafundisha uhalifu. Sisi tunaligeuza shtaka hili, tunasema kwamba zinafundisha kinyume chake. Mwizi hana haja ya riwaya ili aibe, kwani njaa, tamaa na marafiki wabaya humtosha kuwa walimu. Lakini kuna uhalifu mwingine ambao raia mwema, asiyepata kuiba hata sindano, huufanya mchana kweupe akidhani anatenda haki. Sauti moja ikipaza "Mwizi!" sokoni, mawe huokotwa na matairi huletwa kabla hajapatikana hata mtu mmoja wa kuuliza kilichoibwa ni nini, ni cha nani, na nani aliyeona. Katika baadhi ya sehemu za Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingine ushahidi wote uliokuwapo ni macho mekundu, macho yaliyowekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya maneno ya waganga matapeli. Na siku hizi uvumi hauhitaji hata miguu, kwa kuwa huruka kutoka simu moja ya mkononi hadi nyingine, ukifika jioni kijiji kizima kimekwisha kutoa hukumu.

Sisi tuliotumia umri wetu katika ofisi za serikali, kati ya majalada na mihuri, tunaujua ugonjwa huu kwa sura yake ya utulivu. Barua isiyo na jina la mwandishi hufika mezani, inamtuhumu mtu. Hakuna tarehe, hakuna shahidi, hakuna hesabu. Hata hivyo barua huwekwa jaladani, na tangu siku hiyo mtu yule hutazamwa kwa jicho jingine. Mwaka unapita, cheo kinampita, wala hapati kujua kwa nini. Je, aliyeiweka barua ile jaladani bila kuuliza swali alikuwa hakusoma? Alisoma sana, na vyeti anavyo. Alichokikosa ni mazoea ya kusema, "Mimi sijui bado, nionyesheni."

Mazoea hayo ndiyo yanayojengwa na riwaya nzuri ya upelelezi. Msomaji humshuku mtu katika sura ya tatu kwa kuwa ni mkali, au maskini, au mgeni, au ana sura isiyopendeza. Katika sura ya kumi hugundua kwamba mtu yule hana hatia, na kwamba muuaji ni yule mpole aliyeleta ubani msibani. Msomaji huona haya kidogo, peke yake, bila ya mtu kumkemea. Haya hiyo ndogo ina thamani kuliko hotuba nyingi za uraia mwema. Kijana aliyekwisha kudanganyika mara ishirini vitabuni, akajua kwamba alidanganyika, atakuwa mzito kidogo kuokota jiwe siku ile sokoni. Na haja yetu ni uzito huo kidogo, kwani mara nyingi uhai wa mtu huokolewa na dakika moja ya kusita.

Shtaka la tatu ni la hadhi. Tunaulizwa, mwanafunzi atapata nini humo ambacho hatakipata katika vitabu vya mtihani? Jawabu letu ni kwamba, kwanza, atapata lugha. Msomeni Muhammed Said Abdulla muone jinsi watu wake wanavyozungumza: matani, methali, maneno ya kumpa mgeni heshima yake na maneno ya kumkata mtu bila kumgusa. Mwanafunzi hawezi kupata Kiswahili hicho kwa kukariri orodha ya tamathali za usemi. Pili, atapata pumzi ya kusoma. Kitabu cha mtihani kinasomwa kwa hofu, na mtihani ukiisha kinafungwa, mara nyingi kwa maisha. Kijana aliyekesha kwa kibatari au kwa taa ya umeme akitaka kujua nani aliyeua, huyo amekwisha kuwa msomaji, na kesho atakuwa tayari kwa kitabu kizito zaidi. Tunalalamika kila mwaka kwamba Watanzania hawasomi, kisha tunakifungia kabatini kitabu pekee tulichomkuta kijana anakisoma kwa hiari yake. Basi tumlaumu nani?

Hatutaki kudanganya. Si kila kitabu chenye bastola juu ya jalada ni kizuri. Viko vilivyoandikwa kwa haraka, ambavyo damu inamwagwa kwa kuwa mwandishi hakuwa na wazo. Viko ambavyo mwanamke hana kazi ila kuwa chambo au pambo. Na wako mashujaa wa riwaya ambao huua kwanza na kuuliza baadaye, jambo ambalo ni adui wa hayo tuliyoyasifu. Lakini dawa ya kasoro hizi ni mwalimu kusoma pamoja na wanafunzi na kuwauliza. Kwa nini mwanamke huyu hakupewa akili? Shujaa huyu alikuwa na haki gani ya kuua? Kitabu kikifungiwa, maswali hayo hufungiwa pamoja nacho, na kijana atakwenda kukisoma kichakani peke yake.

Kwa mwalimu atakayekubaliana nasi, tunapendekeza utaratibu. Aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza, kisha aendelee na Siri ya Sifuri (1974) ya mwandishi yuleyule. Afuatishe Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, ambayo iliuleta upelelezi katika maisha ya polisi, simu na mji, na kuonyesha kwamba fani hii haikuwa ya visiwani tu. Baadaye wanafunzi wakubwa wasome Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010. Humo yumo Willy Gamba, mpelelezi anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Kijana wa leo, ambaye hakuuona wakati Dar es Salaam ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi, tangu 1963 hadi 1994, atahisi humo joto la zama hizo. Na mwisho Tutarudi na Roho Zetu? (1987) ya Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, pamoja na mpelelezi wake Joram Kiango. Wanafunzi wawalinganishe Bwana Msa na Willy Gamba: mmoja anategemea kiko na fikra, mwingine bastola na mbio. Waulizwe ni yupi wangependa apeleleze kesi ya ndugu yao.

Darasani, mwalimu asome pamoja nao hadi karibu na mwisho, kisha afunge kitabu. Kila mwanafunzi aandike jina la anayemtuhumu, na chini yake dalili zote alizoziona, akitaja na ukurasa. Asiyeweza kutaja ukurasa, tuhuma yake isipokewe. Baada ya hapo wasome mwisho wake, na kila mmoja aseme alipotelea wapi. Zoezi hili halihitaji fedha wala maabara, na nakala mbili au tatu zinatosha darasa zima ikiwa kitabu kinasomwa kwa sauti. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii ni nzuri mahali pake, lakini mwanafunzi aliyepitia zoezi letu atajua kwamba haiwezi kusimama mahakamani.

Ndugu walimu, taifa limewakabidhi vijana wetu wakiwa na akili inayopenda kutafuta. Fungueni makabati. Vitoeni vitabu hivyo, vipangusweni vumbi, muvirudishe mikononi mwa wenyewe, nanyi mkae nao muvisome. Nanyi wanafunzi, mkisoma, someni kama Bwana Msa: msikubali jina la mhalifu kutoka kinywa cha mtu yeyote, hata kinywa cha wengi, mpaka mmeonyeshwa.