Cha Wote Kina Wenyewe

Nenda kwenye mkutano wa kijiji unaojadili malisho au msitu, ukae karibu na meza kuu, usubiri. Haitachukua muda mtaalamu kutoka wilayani atasimama na kutamka kwamba mali ya wote haina mwenyewe, ndiyo maana inaharibika, na kwamba dawa yake ni kuigawa: kila kaya ipate kipande chake, mipaka yake na hati yake. Wazee wataguna. Vijana watapiga makofi, maana kipande chenye hati kinauzika, na bodaboda hainunuliwi kwa maneno. Mwenyekiti atasema hoja imepita.

Imani hiyo imeota mizizi kiasi kwamba hata watu wasiokubaliana kwa lolote lingine hukutana hapo. Aliyelelewa na Azimio la Arusha huitumia kudai kwamba Serikali iuchukue msitu na kuuwekea askari. Mpenzi wa soko huria huitumia kudai kwamba msitu uleule ugawiwe watu binafsi. Wanagombana usiku kucha juu ya nani apewe. Kwamba wanakijiji wanyang'anywe, hilo hawaligombanii kabisa.

Nami nasema wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Wamechanganya mali isiyo na mwenyewe na mali yenye wenyewe wengi. Pori ambalo kila mpita njia anakata anachotaka, hakuna wa kumuuliza, hilo kweli halina mwenyewe. Lakini malisho ambayo watu wa vitongoji vitatu wanajua yanafungwa mwezi gani na kufunguliwa mwezi gani, nani anaruhusiwa kuingiza ng'ombe na nani atatozwa faini, hayo yana wenyewe kuliko kiwanja cha mjini ambacho mwenye hati yake anaishi ng'ambo.

Wasomi wetu wengi waliokota imani hii kwenye andiko moja fupi. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika katika jarida la Science kwamba malisho ya pamoja lazima yaangamie, kwa sababu kila mchungaji ataongeza ng'ombe mmoja kwa faida yake, na hasara itabebwa na wote. Malisho hayo yalikuwa ya kufikirika. Wachungaji wake hawasalimiani, hawakai kikao, hawana wazee, hawaoani wala hawatozani faini. Mtu yeyote aliyewahi kujaribu kupitisha mifugo kwenye eneo la Wamaasai au Wabarbaig bila kuomba anajua kwamba wachungaji wa namna hiyo hawapo. Hardin mwenyewe, miaka mingi baadaye, alikiri kwamba alipaswa kuzungumzia malisho yasiyo na usimamizi. Kukiri huko hakukusafiri mbali kama andiko lenyewe. Mwaka 2009 Elinor Ostrom alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kazi ya kuonyesha jinsi wanakijiji wa Uswisi, Japani, Uhispania na Ufilipino walivyotunza malisho, misitu na mifereji yao ya pamoja, wengine kwa karne kadhaa, bila kuigawa na bila kuikabidhi serikalini. Lakini hatuna haja ya kwenda Uswisi.

Twende Shinyanga. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ule ilikuwa imekwisha. Tangu enzi za mkoloni miti ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, ikaja pamba, ikaongezeka mifugo, zikatafutwa kuni, hadi watu wakazoea kuiita nchi ile jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni wataalamu walifanya walichosomea: vitalu, miche, miti ya kigeni. Matokeo hayakuwa ya kutangaza. Ndipo walipotulia na kuuliza Wasukuma walikuwa wakifanya nini kabla, wakaambiwa habari za ngitili.

Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, majani yaachwe yakue, kisha lifunguliwe kiangazi kikali, wakati mabua ya mashambani yamekwisha na ng'ombe wanakonda. Basi. Hakuna mashine wala mbegu ya kununua. Mradi ulipoanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Miti mingi ya ngitili hizo haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe kwenye visiki vya zamani, kwa kuwa safari hii kulikuwa na watu wa kuizuia mifugo isiitafune.

Na mwenyewe ni nani? Hapa ndipo mgawanyiko wetu wa kisiasa unapopoteza maana. Ngitili nyingine ni za mtu na familia yake, nyingine za ukoo, nyingine za kijiji kizima, nyingine za shule. Hata ile ya mtu mmoja hailindwi na mtu mmoja: anayechungia humo kwa wizi hukamatwa na sungusungu na faini yake huwekwa na mkutano wa kimila, dagashida. Ya binafsi inaishi kwa sheria ya wote. Ukiondoa sheria hiyo, hati utakayompa mwenye ngitili itabaki sandukuni, na ng'ombe wa jirani watakuwa ndani ya majani.

Wenzangu wa mrengo wa kushoto, msishangilie mapema. Mojawapo ya sababu zilizoua ngitili za zamani ni Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Familia zilihamishwa, nyingine kwa nguvu, zikapangwa barabarani kwa mistari ili zipelekewe shule, zahanati na bomba. Shule zilikuja, zahanati zilikuja, sikatai. Lakini aliyehamishwa mbali na ngitili ya babu yake hakuwa tena na namna ya kuilinda, na alikohamishiwa hakujua sheria za nani zinatumika. Operesheni hiyo ilifanyika kwa jina la ujamaa, lakini ilivunja ujamaa ambao tayari ulikuwapo. Kile cha wote kikawa cha Serikali, na cha Serikali, sote tunajua, kikawa shamba la bibi.

Mfano wa pili uko Babati, nao ndio ningependa kila ofisa misitu aukariri. Msitu wa Duru-Haitemba ni miombo ya vilimani, hekta kama 9,000, umezungukwa na vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliamua kuutangaza kuwa hifadhi yake. Wapimaji wakaja, mipaka ikachongwa. Wanakijiji waliposikia msitu unachukuliwa, wakaingia na mashoka, kila mmoja akawahi chake. Wataalamu wakasema: mnaona? Watu hawa hawawezi kutunza kitu! Ni mantiki ya ajabu. Unamwambia mtu kesho utamchukulia kuku wake, leo jioni unakuta amemchinja, halafu unaandika ripoti kwamba watu wa kijiji hiki hawajui kufuga.

Kwa bahati nzuri wapo waliosoma alama vizuri. Katikati ya muongo huo mpango uligeuzwa: kila kijiji kikakabidhiwa sehemu yake ya msitu. Vijiji vikatunga sheria ndogo, vikapiga marufuku uchomaji mkaa na ufyekaji wa mashamba mapya, vikachagua walinzi wao wenyewe, wasiolipwa mshahara na Serikali. Waliokuwa wamevamia wakatoka, na msitu ukaanza kufunga. Watu walewale, mashoka yaleyale. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani atakuwa na msitu huu mwakani. Uzoefu huo ulisaidia kuzaa Sheria ya Misitu ya 2002, inayokipa kijiji haki ya kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji.

Sasa niwageukie watu wa hati. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha MKURABITA, Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge, kwa kufuata mawazo ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto. Ahadi ilikuwa tamu: maskini ana mali ila mali yake imelala, ipe karatasi, ataipeleka benki, atakopeshwa, atatajirika. Hati za haki miliki za kimila zikatolewa. Zina faida, nami sitaki kuzibeza. Mjane mwenye hati yenye jina lake ana la kuwajibu mashemeji wanaokuja na kamba ya kupimia kabla arobaini haijafika. Kwa shamba na nyumba, hati ni ngao.

Lakini ile habari ya benki haikwenda kama ilivyohubiriwa. Benki nyingi husita kupokea ekari tatu za kijijini kama dhamana, na zina sababu: mkulima anategemea mvua, na ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mgeni bila kijiji kuridhia. Watu wa soko wanasema basi tuondoe kizuizi hicho. Wafikirie wanachoomba. Benki itakayokubali dhamana ya shamba ni ile yenye uhakika wa kuliuza. Mvua zikigoma misimu miwili, mkopo hauongezewi muda kwa huruma. Kizuizi wanachokilalamikia ndicho kinachomfanya mkulima aliyekosa mavuno mwaka huu awe bado na pa kulima mwakani.

Kwa malisho hali ni mbaya zaidi, na majirani zetu wa Kenya wamekwisha kutulipia ada ya somo hilo. Sheria ya 1968 iliwapa Wamaasai wa Kajiado na Narok ranchi za vikundi. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi ziligawanywa, kila mwanachama akapata kipande na hati. Wengine waliuza, hasa karibu na Nairobi. Kitengela, ambako nyumbu walikuwa wakitoka Hifadhi ya Nairobi kufuata majani ya masika, kumejaa nyaya na kuta. Ukame wa 2009 ulipokuja, wafugaji walionekana wakiswaga ng'ombe waliokondeana hadi viungani mwa jiji, wakitafuta majani kando ya barabara. Katika nyanda kame mvua hainyeshi kwa usawa. Mwaka huu inapiga kwa jirani yako, mwakani kwako, na mfugo huishi kwa kuifuata. Ukiwa umezungushiwa ekari zako sitini zisizopata hata tone, hati yako haina majani. Kule Shompole na Olkiramatian, upande wa Magadi, watu waliikataa njia hiyo kwa miaka mingi, wakaendelea kutenga eneo la masika na eneo la kiangazi chini ya kamati zao. Mifugo yao ilikuwa na pa kukimbilia.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba viongozi wa vijiji ni wezi, kwamba wanauza ardhi ya kijiji kwa kikombe cha chai. Wapo, na tunawajua. Lakini tuangalie ardhi kubwa za vijiji zilipotea vipi. Kisarawe, mwishoni mwa muongo wa 2000, zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kadhaa zilitolewa kwa kampuni ya Uingereza ilime mibono ya kutengenezea mafuta ya magari. Ili mwekezaji apewe, ardhi ilibidi kwanza itoke kwenye fungu la ardhi ya vijiji, iingie ardhi ya jumla, iliyo mikononi mwa Serikali. Mwaka 2011 mradi ukafa. Mwekezaji akaondoka, lakini ardhi haikurudi vijijini, maana kisheria haikuwa tena ya vijiji. Mpenzi wa dola na mpenzi wa soko walishirikiana vizuri pale, na aliyepoteza ni yule aliyeambiwa kwamba mali yake haina mwenyewe.

Wizi wa mwenyekiti hautibiwi kwa kuugawa msitu. Mwenyekiti mwizi ndiye atakayegawa vipande, na cha kwanza chenye kisima kitakuwa cha shemeji yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari tunalo katika sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau kila baada ya miezi mitatu. Ni vijiji vingapi mkutano huo haujaitishwa tangu uchaguzi, na hakuna aliyeuliza?

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji anayeishi kijijini, au mwenye wazazi huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji haki ya kutenga ardhi ya pamoja na kuiandikisha kwenye rejesta yake: malisho, msitu, njia za mifugo, vyanzo vya maji. Ardhi iliyotengwa hivyo, baada ya mkutano mkuu kuidhinisha, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kumgawia mtu binafsi. Nenda ofisi ya kijiji uombe kuiona rejesta hiyo. Ikiwa haipo, au ipo na kurasa zake ni tupu, hoja hiyo ipelekwe kwenye mkutano unaofuata kabla ya hoja nyingine yoyote ya kugawana.