Tegu haulizi kama unakula nguruwe

SAHANI NA AFYA
Na Neema Mwasomola

Vijana wawili walikuwa wamemshika nguruwe, mmoja masikio, mwingine miguu ya nyuma. Mnunuzi akampachika kijiti mdomoni asiweze kuufumba, akajizungushia kitambaa mkononi, akauvuta ulimi nje na kuugeuza upande wa chini. Akaupapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayechambua mchele akitafuta mawe. Mnyama alikuwa akipiga kelele za kupasua masikio. Mnunuzi akauachia ulimi, akajifuta mkono kwenye suruali na kusema maneno mawili: "Huyu anazo."

Nilisogea nikaona. Chini ya ulimi kulikuwa na vivimbe vyeupe vitatu, kama punje za mchele zilizolowa maji. Mwenye nguruwe, mzee wa makamo, hakubisha hata kidogo. Alimfunga kamba mguuni akaanza kumswaga kurudi alikotoka. Nikamfuata hatua chache, nikamuuliza, "Shikamoo baba. Sasa huyu utamfanya nini?"

"Marahaba mwanangu," akasema. "Krismasi si hii hapa?"

Huo ulikuwa mnada mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, na jibu la yule mzee sijaweza kulisahau. Mnunuzi wa mjini alikuwa na utaalamu wa kukataa. Familia ya mzee, majirani zake, na wajukuu ambao wangekuja likizo kutoka mjini, hao ndio wangeila nyama ile. Wala simlaumu. Nguruwe mmoja ni karo ya mtoto ya muhula mzima, na anayekutwa na punje zile machinjioni nyama yake hutupwa, mwenye mali akarudi nyumbani mikono mitupu. Nani atampeleka mnyama wake kwa mkaguzi akijua hivyo?

Punje zile ni watoto wa tegu. Kila moja ni kifuko cha maji chenye kichwa cha mnyoo ndani yake, kinasubiri tumbo la binadamu. Mtu akila nyama yenye vifuko hai ambayo haikuiva, kichwa kile hujishikiza kwenye utumbo na kuanza kukua, hadi mnyoo unafika mita mbili, pengine saba. Anayeufuga anaweza asijue kwa miaka. Tumbo linamsumbua kidogo, basi. Wakati huo pingili za mkiani zinakatika moja moja na kutoka na choo, na pingili moja inaweza kubeba hadi mayai 50,000. Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu huyo, mayai yanaanguliwa tumboni mwake, yanapenya kwenye damu na kwenda kukaa katika nyama: moyo, mapaja, mabega, ulimi. Mzunguko umekamilika.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia kuelewa, na ndiyo maana ushauri unaotembea mitaani ni mmoja tu: ivisha kitimoto. Ushauri ni sahihi, ila ni nusu ya habari. Aliyekula nyama mbichi anapata mnyoo wa tumboni. Anayepata vifuko kwenye ubongo ni aliyemeza mayai, na mayai hayatoki kwenye nyama. Yanatoka kwenye choo cha binadamu mwenzake, au chake mwenyewe. Yai likiingia kwa binadamu hufanya kile kile linachofanya kwa nguruwe: linaanguliwa, linapenya, linatafuta pa kukaa, na mara nyingi pa kukaa panakuwa kichwani.

Sasa fikiria sinia la kitimoto kama tunavyolijua. Nyama imekaangwa kwenye karai la mafuta yanayochemka, vipande vidogo, imebadilika rangi mpaka ndani. Pembeni kuna ndizi za kukaanga. Katikati kuna kachumbari: nyanya, vitunguu, kabichi, pilipili, ndimu. Kila kilichopita motoni kiko salama. Kachumbari haikupita motoni. Imekatwa kwa mikono ya mtu ambaye huenda ana tegu tumboni bila kujua, aliyetoka chooni dakika tano zilizopita akakuta ndoo ya kunawia haina maji. Au kabichi imetoka kwenye bustani ya bondeni inayomwagiliwa maji ya mfereji unaopokea kila kitu kutoka milimani. Kwa ubongo wako, kijiko cha kachumbari hiyo kinaweza kuwa na hatari kuliko kilo nzima ya nyama iliyoiva. Mimi ni mlaji wa kitimoto na sina nia ya kumharibia mtu Jumamosi yake. Nataka tuogope kinachostahili kuogopwa.

Ndiyo maana nawaandikia pia wasomaji wangu ambao hawajawahi, na hawatawahi, kuonja nyama ya nguruwe. Nimeshasikia mara nyingi: hilo ni tatizo la wala nguruwe. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne wa New York, wote kutoka jamii ya Wayahudi washika dini ambao nguruwe hawamgusi kabisa. Walikutwa na vifuko vya tegu kwenye ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliokuwa wametoka katika nchi za Amerika ya Kilatini ambako tegu ni wa kawaida, na waliokuwa wakiwapikia chakula. Nyumba hizo hazikuwa na nguruwe. Kulikuwa na mikono na chakula tu. Kwetu, binti anayetoka kijijini kwenda kupika kwenye nyumba ya mjini hapimwi tegu, wala sisemi ashukiwe. Mwajiri anayeweka sabuni na maji karibu na choo chake, na kumpeleka binti kliniki anapolalamikia tumbo, anamlinda yeye kwanza na familia nzima pamoja naye.

Vifuko vikishakaa kwenye ubongo vinaweza kutulia miaka bila dalili yoyote. Kisha kimoja kinaanza kufa, mwili unashtuka na kupambana nacho, ubongo unavimba mahali pale, na siku hiyo mtu mzima ambaye hajawahi kuumwa anaanguka sokoni akitokwa na povu. Wengine huanza na kichwa kinachouma bila kupoa, au macho kufifia. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako tegu amejikita, karibu asilimia 30 ya kifafa kinahusiana na vifuko hivi, na kwamba katika jamii zilizo hatarini zaidi inaweza kufika asilimia 70. Mwaka 2014 shirika hilo pamoja na lile la Chakula na Kilimo yalipanga vimelea 24 wanaoenezwa kwa chakula kulingana na madhara yao duniani. Tegu wa nguruwe alishika namba moja.

Na sisi Watanzania tumo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Mbozi, wilaya niliyokulia, watafiti walipima damu za watu 830, na karibu mmoja kati ya kila sita alikuwa na dalili za vifuko hai mwilini. Kaskazini, Haydom wilayani Mbulu, madaktari waliowapiga picha za kichwa wagonjwa wa kifafa waliviona kwa baadhi yao.

Lakini nenda katika vijiji hivyo hivyo ukaulize kifafa kinatoka wapi. Utaambiwa pepo. Utaambiwa laana ya ukoo, au mkono wa jirani. Neno lenyewe limebeba kifo ndani yake. Louise Jilek-Aall, daktari aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya mwanzo ya 1960, aliandika namna wagonjwa walivyokuwa wakitengwa, wakila peke yao, wakiachwa waungue walipoangukia moto kwa sababu watu waliogopa kuwagusa wakati wa degedege. Mahenge ina sababu zake nyingine za kifafa, siyo tegu peke yake. Woga, hata hivyo, ni ule ule niliokua nao.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa na binti aliyenizidi miaka mitatu. Alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na tisa, mwezi mmoja kabla ya kutolewa mahari. Mahari haikuja. Walimpeleka kwa mganga wa kwanza, wa pili, kisha kwenye maombi ya mikesha. Siku moja aliangukia mafiga, mkono wa kushoto ukaungua hadi kiwiko. Tangu hapo mama mdogo alimkataza kukaribia jiko. Akawa mtu wa kukaa mkekani, kuchambua maharage, kuangalia wengine wakipika. Sahani yake ilikuwa ya bati, na ilikuwa ya kwake peke yake. Mimi mwenyewe niliogopa kuigusa nikiwa msichana, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Alikuwa na miaka thelathini na nne alipopigwa picha ya kichwa kwa mara ya kwanza. Daktari alituonyesha: madoa meupe madogo, magumu kama chembe za chokaa, sita, yametawanyika kwenye ubongo wake. Mama mdogo aliangalia ile picha muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyemloga?"

Miaka kumi na tano. Na nyumbani kwao choo kilikuwepo, cha shimo, kimezungushiwa makuti, hakina mlango. Nguruwe waliingia na kutoka.

Jikoni kazi yetu ni ndogo na inajulikana. Nyama ya nguruwe iive mpaka katikati, pasibaki wekundu wala majimaji ya damu, na minofu minene ya kuchoma ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana nje inaungua ndani ikiwa bado. Ukinunua nyama, ulizia muhuri wa mkaguzi. Huo muhuri hauondoi ulazima wa kuivisha, kwa sababu nguruwe mwenye vifuko vichache humpita mkaguzi mzuri bila kuonekana. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani, wala usitegemee ndimu ikufanyie kazi ya maji. Ukiona pingili nyeupe bapa kwenye choo chako, nenda kituo cha afya ukaseme bila aibu. Dawa ipo. Usijinunulie tu dukani, hasa kama umewahi kuanguka au kichwa kinakuuma sana: dawa inayoua tegu inaweza kuamsha uvimbe kwa mtu ambaye tayari ana vifuko kichwani, na lazima daktari aijue hali yako kwanza.

Kubwa zaidi liko nje ya jiko. Nguruwe afungwe bandani. Choo kiwe na mlango. Kampeni ya Nyumba ni Choo iliwafanya watu wachimbe, na ni vyema, lakini shimo lisilofungwa ni bakuli la nguruwe. Chanjo ya nguruwe dhidi ya tegu ipo, inatengenezwa kibiashara India, na dawa ya kumsafisha nguruwe aliyeambukizwa ipo pia. Huko Tumbes, kaskazini mwa Peru, watafiti walitibu watu na kutibu na kuchanja nguruwe kwa pamoja katika vijiji 107, na mwishoni hawakukuta kifuko hai kwa nguruwe wa vijiji 105. Wale ni wakulima wadogo kama sisi, wenye nguruwe wawili watatu.

Halmashauri zetu zinatoza ushuru kwa kila nguruwe anayeuzwa mnadani. Naomba madiwani wa wilaya zinazofuga nguruwe waniambie ni shilingi ngapi za ushuru huo hurudi kwa mkaguzi wa nyama, ambaye mara nyingi ni afisa mifugo mmoja kwa kata nzima, na pikipiki yake haina mafuta. Naomba pia mzee niliyekutana naye apewe sababu ya kusema ukweli: fidia, hata nusu ya bei, kwa nguruwe atakayesalimishwa na kufukiwa. Bila hiyo, kila anayekataliwa mnadani atachinjwa gizani, na sote tunajua atakwenda kwenye sufuria ya nani.

Ndugu yangu, yule binti wa mama mdogo, sasa anameza kidonge kila usiku kabla ya kulala, dawa ya bei ndogo anayoipata kwenye kituo cha afya. Huu ni mwaka wa nne hajaanguka. Nilipokwenda kuwasalimu Agosti, mama mdogo alikuwa uani anasuka mkeka. Niliingia ndani nikamkuta dada jikoni peke yake, moto umekolea, ameshika mwiko kwa mkono ule wenye kovu, anasonga ugali. Akaniambia nisogee, moshi utaniumiza macho.