Kunakili Si Kujenga

Wapo walimu wa kompyuta wanaowafundisha vijana wetu kutengeneza tovuti kwa njia moja tu: chukua ukurasa uliokwisha tengenezwa, unakili wote, badilisha maneno, hifadhi kwa jina jipya. Ukitaka kurasa arobaini, nakili mara arobaini. Napinga mafundisho hayo, na nayapinga nikiwa mtu aliyetumia umri wake kuwafunza walimu kazi ya kufundisha. Huko ni kumtwisha kijana mizigo arobaini na kumwambia ndio ufundi.

Hapa Samuye mfyatua matofali haundi kalibu mpya kwa kila tofali. Tena ukurasa unalishinda tofali, maana tofali likishakauka halibadiliki, lakini ukirekebisha kalibu ya kurasa, hata kurasa zilizokwisha toka zamani hurekebika.

Kazi yenyewe ni hivi. Ukurasa mama huandikwa mara moja. Ndani yake huachwa nafasi zenye majina, ambazo mafundi huziita bloku: kichwa, mwili, mguu. Ndani ya mwili huwekwa nafasi nyingine ndogo, tuseme habari na matangazo. Ukurasa mtoto hurithi vyote, kisha hujaza ile nafasi inayouhusu tu. Hapo ndipo vijana huteleza. Mtoto akiijaza upya nafasi kubwa ya mwili, zile ndogo zilizokuwamo hutoweka na vilivyomo, isipokuwa ayaite ya mama kwa amri maalumu. Kijana asiyeelezwa hili huona matangazo yamepotea, husema kalibu ni mbovu, akarudia kunakili.

Tena katika Django, programu iliyozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa watu wote mwaka 2005, huwezi kuweka nafasi mbili zenye jina moja katika kiolezo kimoja, inakataa. Tangazo likihitajika juu na chini, liandike katika faili lake peke yake, kisha lichomeke kila unapolitaka. Haya yote yanaelezeka kwa ubao na chaki, hata umeme ukikatika.

Msomaji asidhani nagombania mambo ya mafundi. Binti wa jirani yangu alisoma kwenye simu tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi katika chuo kimoja. Akatafuta nauli, akaenda, akakuta milango imefungwa wiki nzima iliyopita. Tulipokaa na mjukuu wangu kuzikagua kurasa za chuo hicho, tuliikuta tarehe hiyo imeandikwa mahali patatu, na pamerekebishwa mahali pamoja tu. Binti alisubiri mwaka mzima. Ingalikuwa imeandikwa mara moja na kuchomekwa mara tatu, angalikuwa darasani.

Wapinzani wangu hujibu kwamba kalibu huua ubunifu, kila kitu kikafanana. Mwaka 2017, tovuti za mikoa na halmashauri zilipozinduliwa juu ya mfumo mmoja wa Wakala ya Serikali Mtandao (ambayo sheria ya mwaka 2019 imeifanya Mamlaka), nilisikia watu wakizicheka kwa kufanana kwake. Basi na wacheke. Mkulima wa pamba aliyejua mahali pa kuwatafuta madiwani katika tovuti ya Shinyanga hakupotea alipofungua ya Geita. Kinachotakiwa kutofautiana ni kilichomo ndani. Andalio la somo nalo lina vichwa vilevile nchi nzima, utangulizi na vinginevyo, wala sijasikia mtu akidai kwamba masomo yote yamekuwa moja. Mwalimu tuliyemkemea chuoni ni yule aliyenakili andalio la mwaka jana akabadilisha tarehe.

Husema pia kwamba kunakili ni haraka. Kwa kurasa tatu, nakubali. Kwa arobaini, siku namba ya simu ya ofisi itakapobadilika, tutaonana. Nimewaomba walimu wawili wa kompyuta wa huku kwetu wanipe kipindi kimoja: nusu ya darasa inakili, nusu itumie ukurasa mama, kisha niwaambie wote wabadilishe namba hiyo huku nimeshika saa. Mmoja alicheka. Mwingine ameniambia nisubiri shule zifunguliwe.