Kibanda cha Polisi Kilichohamia Televisheni

Wako watu wazima huko Uingereza, wenye kazi zao na familia zao, ambao hujenga uani mwao kibanda cha mbao cha rangi ya buluu, kirefu kuliko mtu, chenye taa juu ya paa na maandishi yasemayo kuwa hicho ni kibanda cha simu cha polisi. Ndani hamna simu, wala hakuna polisi aingiaye. Ni nakala ya kifaa cha maigizo kilichotumika katika mchezo wa televisheni wa siku nyingi. Mjenzi aweza kukesha akibishana na wenziwe juu ya unene wa fremu ya dirisha ulivyokuwa katika mwaka fulani, na moyo wake hautulii mpaka aujue. Watu wakisikia habari hizi aghalabu hucheka. Nasema askari asiwe wa kwanza kucheka, maana kisa cha kibanda hicho chamhusu yeye kuliko mtu mwingine.

Kibanda chenyewe kilianza kuwa chombo cha utumishi. Kabla ya redio za mkononi, konstebo aliyekuwa doria alikuwa kama aliyetupwa jangwani. Akipatwa na jambo, alikuwa na firimbi yake na miguu yake tu. Kwa sababu hiyo Polisi wa London walimtuma msanifu wao, Gilbert Mackenzie Trench, abuni kibanda cha simu, naye akakibuni mwaka 1929. Vingi vilijengwa kwa zege, na mlango wa mti wa msaji. Ndani mlikuwa na kigoda, meza, brashi na vitambaa vya kufutia vumbi, kizima moto, na hita ndogo ya umeme ya kumfaa askari usiku wa baridi. Raia naye hakusahauliwa: upande wa nje palikuwa na kijimlango, akikifungua aikuta simu ya kumwita polisi bila malipo. Taa ya juu ilipomwekamweka, askari aliyekuwa doria alijua anatakiwa apige simu kituoni. Tena yaelezwa kwamba mara nyingine mtuhumiwa alifungiwa humo mpaka gari lifike. Kufikia mwaka 1953 jiji la London lilikuwa na vibanda 685. (Huko Glasgow vilipakwa rangi nyekundu hata mwishoni mwa miaka ya 1960, jambo ambalo wapenzi wengi wa buluu hawapendi kukumbushwa.)

Siku ya tarehe 23 Novemba 1963 Shirika la BBC lilianza kuonyesha mchezo uitwao Doctor Who. Ni hadithi ya msafiri wa nyakati, ambaye chombo chake kiliundwa ili kijigeuze kifanane na vitu vya mahali kilipotua. Chombo hicho kikaharibika, kikakwama katika umbo la kibanda cha polisi. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara na usio na gharama kubwa, kwani hapakuwa na mtazamaji wa London asiyepita kando ya kibanda cha namna hiyo kila siku. Mbunifu wa mandhari, Peter Brachacki, akatoa kibanda cha mbao, kidogo kuliko kile cha kweli, nacho kikatumika kwa kuungwaungwa mpaka katikati ya miaka ya 1970.

Sasa tazama mambo yalivyopinduka. Mwaka 1969 serikali ya Uingereza iliamua vibanda vya kweli viondolewe. Sababu ilikuwa nzuri: askari amekwisha pata redio ya kubeba, kibanda hana haja nacho. Zege likavunjwa, vifusi vikachukuliwa, na katika mitaa mingi hapakubaki hata alama. Lakini kile cha mbao, kilichoigwa kwa ajili ya watoto wa Jumamosi jioni, kiliendelea kuonekana majumbani mwaka hata mwaka. Mtoto aliyezaliwa miaka ya 1980 akakijua kibanda cha polisi kwa njia ya televisheni peke yake.

Hesabu ililetwa mwaka 1996. BBC iliomba umbo la kibanda hicho liandikishwe kuwa alama yake ya biashara, iweze kuuza vikombe, fulana na vitu vya kuchezea watoto. Polisi wa London wakapinga. Walisema kibanda ni chetu, sisi ndio tuliokibuni, sisi ndio tuliokilinda. Mwaka 2002 mwamuzi wa ofisi ya hataza alikata shauri, na polisi wakashindwa. Alisema polisi hawakuwahi kuliandikisha umbo lile kuwa alama yao ya biashara, na kwamba BBC ilikuwa imeuza bidhaa zenye sura ya kibanda kwa zaidi ya miaka thelathini pasipo polisi kulalamika. Wakaamriwa waipe BBC paundi 850 pamoja na gharama za shauri. Sikusudii kuwabeza wenzetu wa London. Nasema tu kwamba jeshi la polisi lilikwenda barazani kudai kitu lililokuwa limekivunja kwa nyundo, likamkuta mwigizaji ndiye aliyekitunza.

Hapa ndipo ninapowarudia wale wajenzi wa uani. Kazi yao, ikitazamwa vema, ni upelelezi mtupu. Mjenzi hana budi kwanza ajiulize: nakala ya nini? Ya kibanda cha Trench, au ya kifaa cha televisheni? Na kama ni cha televisheni, cha mwaka upi? Maana mlangoni mwa kile cha kwanza palikuwa na nembo nyeupe ya Chama cha St John cha huduma ya kwanza. Nembo hiyo ikafutika katika miaka ya 1960, haikurudi mpaka mwaka 2010. Anayeweka nembo kwenye kibanda cha miaka ya 1970 amesema uongo, nao wenziwe watamwambia hivyo bila haya. Hutazama picha za zamani, hulinganisha kimo cha kibanda na kimo cha mtu aliyesimama kando, huhesabu vioo, husoma kivuli. Ndivyo mpelelezi afanyavyo mbele ya picha ya mahali pa tukio. Anayetaka kuona kitu chenyewe yuko huru kwenda Crich, katika jimbo la Derbyshire, ambako makumbusho ya tramu yamehifadhi kibanda kimoja cha kweli cha London.

Waingereza hawako peke yao katika kazi hii. Marekani, mchezo wa Star Trek ulioonyeshwa kuanzia 1966 hadi 1969 ulibuniwa na Gene Roddenberry, ambaye alikuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita vya Pili, kisha askari polisi wa Los Angeles tangu 1949 hadi 1956. Vyombo vya mkononi vya mchezo huo vilitengenezwa na fundi Wah Chang, ambaye jina lake halikuandikwa hata mara moja mwishoni mwa mchezo kwa kuwa hakuwa mwanachama wa chama cha mafundi. Nani aliyeirudisha heshima yake? Ni wakusanyaji wa nakala, ambao kwa kutafuta usahihi wa chombo walilazimika kumtafuta aliyekitengeneza. Katika mchezo huo huo vyombo vya daktari vilikuwa vidude vya kunyunyizia chumvi vilivyonunuliwa dukani! Mkusanyaji wa leo huhangaika apate vya umbo lile lile.

Naijua hoja ambayo msomaji mwenye bunduki amekwisha iandaa: si nakala zote ni vibanda. Ni kweli, na hapo sina upole. Nakala ya silaha isiyo na alama ni hatari kwa aishikaye na kwa askari amwonaye. Mwaka 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 aliuawa na polisi kwa ajili ya bastola ya kuchezea iliyokuwa haina tena ncha ya rangi ya chungwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ndiyo iliyoamuru alama hiyo, na ya Uingereza ya mwaka 2006 ikakataza kuuza nakala za bunduki zilizo kama za kweli, ila kwa shughuli maalumu kama makumbusho na michezo ya kuigiza. Sheria hizo ni haki, tena zingefaa kufuatwa kwingineko. Vivyo hivyo nakala inayouzwa kwa bei ya kitu cha asili ni wizi, hata kama imetengenezwa kwa ustadi wa ajabu. Mkusanyaji mwaminifu hutia alama yake chini ya chombo ili asimdanganye atakayekirithi.

Lakini hatari ya silaha bandia isitufumbe macho tusiione hasara ile nyingine. Katika majeshi yetu, kila vazi jipya, redio mpya au gari jipya liingiapo, la kale hupelekwa kuchomwa au kuuzwa kwa kilo. Karatasi za bohari hutaja idadi, hazitaji sura. Ningependa kila mkuu wa bohari, kabla hajatia sahihi ya kufuta chombo, aamuru kipimwe urefu na upana, kipigwe picha pande zote nne kando ya rula, na rangi yake iandikwe kwa jina linaloeleweka. Koplo mmoja mwenye hati nzuri aweza kuifanya kazi hiyo kwa muda wa asubuhi moja. Faili lihifadhiwe katika chuo cha mafunzo, si katika kabati la ofisa ambaye atahamishwa. Na kimoja kati ya vyombo hivyo kibaki kizima, kipakwe mafuta, kiwekwe mahali ambapo kuruta atakipita kila siku akienda kwenye kwata.