Mvuke wa Olkaria, Waya wa Kaloleni

Chama chochote cha Eastlands kikitaka kuweka akiba yake katika hisa za umeme, kitaambiwa kwamba Kenya imeshatangulia. Ni kweli. Karibu asilimia 90 ya umeme tunaotumia hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na serikali imeahidi kufikisha asilimia 100 kufikia 2030. Wakati Afrika Kusini ingali inahangaika kujinasua kutoka kwa makaa ya mawe, sisi tulianza kuvuna mvuke Olkaria mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, na leo mvuke ndio unaoshikilia gridi usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Waliokuwa mjini mwaka 2000, mabwawa ya mto Tana yalipokauka na stima ikawa ya mgao, wanajua thamani ya jambo hilo.

Hata hivyo, toleo hili halikuandaliwa ili kushangilia. Makala zinazofuata zinachambua hesabu za kampuni mbili ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kununua hisa zake katika soko la Nairobi: KenGen, inayozalisha, na Kenya Power, inayosambaza. Kabla msomaji hajafika huko, nataka kuweka hoja yangu wazi. Mtaji wa kawi safi katika nchi hii umemiminwa kwenye visima, mabwawa na mitambo ya upepo, lakini faida ya mwenyehisa inaamuliwa kwenye transfoma za mitaa kama Kaloleni. Pesa zisiposhuka mpaka huko, hisa hizi zitaendelea kupanda na kuporomoka kwa sababu zisizohusiana hata kidogo na usafi wa umeme.

Tukumbuke 2006. Serikali iliuza asilimia 30 ya KenGen kwa wananchi kwa shilingi 11.90 kila hisa. Foleni zilikuwa ndefu, maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, na wengi walionunua hawakuwa wamewahi kumiliki hisa maishani mwao. Wapo waliochukua mikopo. Bei ilipaa ilipoanza kuuzwa sokoni, kisha ikaanza kushuka polepole kwa miaka. Mwaka 2016 kampuni iliwarudia wanahisa ikiomba mtaji zaidi kwa shilingi 6.55 kwa hisa. Kufikia 2023 hisa ile ile ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2025 ilifufuka kwa nguvu, lakini ulipokwisha bado ilikuwa haijafika bei ya foleni zile.

Katika miaka hiyohiyo ya kushuka, KenGen ilikuwa ikifanya kazi ambayo wahandisi kutoka nchi nyingine huja kujifunza. Olkaria IV iliwaka 2014. Olkaria V ikafuata 2019. Mtambo wa sita wa Olkaria I ukaingia 2022. Visima vilichimbwa, kila kimoja kwa mamilioni ya dola, bila uhakika kwamba mvuke utapatikana. Nchi ilipata umeme safi na wa bei nafuu kuliko ule wa dizeli. Mwenyehisa alipata kidogo sana. Kuna kitu kati ya mtambo na mfuko wake kilichomeza faida, nacho tunakiona kila siku tukitoka nje ya mlango.

KenGen haituuzii umeme mimi na wewe. Humuuzia mnunuzi mmoja, Kenya Power, na mnunuzi huyo akichelewa kulipa, KenGen hubaki na madeni yenye sura ya mapato. Anayenunua hisa ya KenGen akidhani amenunua mvuke wa Bonde la Ufa amenunua pia, atake asitake, uwezo wa Kenya Power kukusanya pesa za tokeni Makadara, Embakasi na Kasarani. Njia za hizi kampuni mbili zilitenganishwa 1997, lakini mkoba umebaki mmoja.

Sasa tuutazame mtaa wetu. Kaloleni ilijengwa na baraza la jiji katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika: nyumba za chini zenye paa za vigae, nafasi ya nyasi katikati, na ukumbi wa kijamii ambako wapigania uhuru walihutubia. Ilipangwa kwa familia chache katika eneo kubwa. Tangu hapo jiji limekua mara nyingi zaidi, na nafasi zile za nyasi zimejaa vyumba vya mabati vilivyoongezwa nyuma na ubavuni mwa nyumba za awali. Wakazi wameongezeka. Nguzo, nyaya na transfoma hazikuongezeka kwa kasi hiyo.

Kinachofuata kinajulikana na kila mtu hapa. Mita moja ya nyumba kuu huhudumia pia vyumba vya nyuma, na mwenye nyumba hukusanya pesa za tokeni kwa kukadiria: mwenye taa na redio kiasi hiki, mwenye friji kiasi kile. Bei nafuu ya watumiaji wadogo, ambayo tangu Aprili 2023 ni ya wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, haiwezi kumfikia mpangaji wa chumba kimoja, kwa sababu mita anayoitumia inahesabu matumizi ya familia nne au tano pamoja. Anayestahili kulipa kidogo kabisa hulipa bei ya wenye uwezo. Halafu tunashangaa akivutiwa na waya wa sambaza, yaani wa kuunganishiwa kinyemela, ambao anayeuunganisha humtoza kiasi kimoja tu kwa mwezi, apike asipike. Waya ule ni hatari. Umeua watoto na kuteketeza nyumba, na siutetei. Lakini mwekezaji anayetaka kujua kwa nini kampuni yake inapoteza umeme hana budi kuelewa kwamba bei rasmi, kwa jinsi inavyotozwa mtaani, inamsukuma maskini kuelekea huko.

Hasara yenyewe ni kubwa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, zaidi ya asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power haukufika katika bili ya mtu yeyote. Mwaka uliofuata hasara ilishuka hadi kama asilimia 21, na kushuka huko kunastahili pongezi. Sehemu ya umeme huo hupotelea njiani kama joto, kwenye nyaya ndefu na transfoma zilizozidiwa. Sehemu huibwa, na wezi wakubwa si wote wa mitaa ya mabanda. EPRA, mamlaka inayosimamia bei za kawi, huruhusu kiasi fulani tu cha hasara hiyo kuingizwa katika bei anayolipa mteja. Kinachozidi hutoka mfukoni mwa mwenyehisa. Kila asilimia moja inayookolewa ni umeme uliokwisha kuzalishwa na kulipiwa, na huhitaji kuchimba kisima chochote ili kuupata. Sijui mradi mwingine wa kawi safi wenye faida ya haraka kuliko huo. Lakini nguzo mpya ya Kaloleni haina utepe wa kukatwa wala kamera za televisheni, na wafadhili wa kimataifa huona raha zaidi kupiga picha mbele ya mtambo wa upepo.

Hapo ndipo linapoingia suala la saa, ambalo naona halijapewa uzito wake. Usiku wa manane mahitaji ya nchi hushuka sana, nao upepo wa Turkana huwa unavuma. Imetokea mara nyingi mvuke wa Olkaria ukaachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Saa moja jioni mambo hugeuka: watu wamerudi nyumbani, jua limezama, na mahitaji, ambayo mwaka 2025 yalivuka megawati 2,300, huikaba gridi mpaka baadhi ya maeneo yakazimwa kwa zamu. Rais mwenyewe alikiri mwaka huo kwamba kuna mgao wa jioni. Kwa hiyo tuna nchi inayotupa umeme safi usiku na kuukosa jioni. Paneli za jua zaidi, peke yake, hazitatibu hilo. Kinachohitajika ni betri kubwa za kuhifadhi, ambazo KenGen imetangaza mipango yake, pamoja na watumiaji wa usiku. Tangu 2023 kuna bei maalum ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, nafuu zaidi saa za usiku. Fikiria vituo vya kuchaji betri za bodaboda kando ya Jogoo Road vikifanya kazi kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri. Mvuke unaotupwa ungepata mteja, na mwendesha bodaboda angebaki na pesa anazomwaga katika petroli. Transfoma ya mtaa ikiwa hoi, hata hilo haliwezekani.

Upande mwingine wa reli, katika Industrial Area, wateja wakubwa hawasubiri. Viwanda vinaezeka paa zao paneli za jua, na kufikia 2025 umeme ambao wenye viwanda na biashara nchini wamejijengea wenyewe ulikuwa umepita megawati 500. Hawa ndio waliokuwa wakilipa bila kusumbua. Wakijitegemea mchana na kurudi kwenye gridi jioni tu, Kenya Power hubaki na gharama ya kuwawekea umeme wa saa ngumu huku mauzo ya saa rahisi yakipotea. Sheria ya Kawi ya 2019 imefungua pia mlango kwa wasambazaji wengine. Kampuni itakayobaki ikitegemea kiwanda na kuipuuza Kaloleni itajikuta haina vyote viwili.

Wasomaji wengine watanijibu kwa faida za karibuni, na jibu lao lina uzito. Kenya Power ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3 katika mwaka ulioishia Juni 2023. Mwaka uliofuata ikatangaza faida ya bilioni 30 na kulipa mgao kwa mara ya kwanza tangu 2017. Kisha faida ya bilioni 24 na mgao wa shilingi moja kwa hisa. KenGen nayo ilivuka bilioni 10 na kulipa senti 90. Aliyenunua Kenya Power mwishoni mwa 2023, ilipokuwa chini ya shilingi 2, amevuna vizuri. Nampongeza. Lakini tuulize faida ilitoka wapi. Bei za umeme zilipandishwa Aprili 2023. Halafu shilingi, iliyokuwa imezama hadi kama 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, ikapanda hadi karibu 129. Mikopo ya kampuni na mikataba mingi ya kununua umeme inalipwa kwa dola na yuro, ukiwemo ule wa upepo wa Ziwa Turkana, kwa hiyo shilingi ikipona faida huonekana hata kama hakuna nguzo iliyobadilishwa. Ikiugua tena, faida huondoka vilevile. Mtu anayeweka akiba ya miaka kumi hapaswi kuitegemea bahati hiyo.

Ardhi nayo ina hesabu zake. Mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, yenye megawati 310, ilikaa bila kutumika kwa sababu njia ya kusafirisha umeme ilichelewa, na Wakenya wakalipa fidia ya umeme ambao hawakuuona. Mwaka 2021 mahakama huko Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilitolewa kinyume cha utaratibu. Kabla ya hapo mradi wa upepo wa Kinangop ulikuwa umekufa 2016 baada ya wenyeji kuupinga. Anayedharau wenye ardhi hulipia baadaye, pamoja na riba.

Kwa majirani zetu Uganda, mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme ulimalizika Machi 2025, serikali ikachukua usambazaji, na pande hizo mbili zikaanza kuvutana kuhusu fidia. Hisa za Umeme ziliuzwa pia hapa Nairobi. Serikali yetu inamiliki asilimia 70 ya KenGen na zaidi ya nusu ya Kenya Power, na ina wapigakura. Bei ya umeme hapa itakuwa siasa daima.

Uamuzi wangu basi ni huu. KenGen ni hisa ya kushika kwa muda mrefu, kwa anayeweza kuvumilia, na si kwa pesa za karo wala za mkopo. Kenya Power siwezi kuipendekeza kwa chama cha akina mama wa Kaloleni mpaka hasara ya njiani ifike chini ya asilimia 18 kwa miaka miwili mfululizo, shilingi ikiwa juu au chini. Na wakati wa kulishughulikia hilo ni sasa, kwa sababu esteti kongwe za Eastlands zimo katika mipango ya kujengwa upya, kama ilivyokwisha kufanyika Pangani. Kila nyumba mpya ipewe mita yake, transfoma zihesabiwe kwa watu watakaokuwapo, na paa zitumike. Zikijengwa kwa nyaya za kubahatisha, tutakuwa tumeimwaga saruji juu ya tatizo lilelile kwa miaka mingine sabini.

Mikutano mikuu ya kampuni hizi hufanyika kila mwaka, na mwenye hata hisa moja ana haki ya kuuliza swali na kupiga kura. Wenye hisa mliomo humu mitaani, msiishie kusubiri mgao. Ulizeni kwa maandishi: katika Makadara ni transfoma ngapi zimezidiwa, ni ngapi zitabadilishwa mwaka huu, na ni lini mpangaji wa chumba kimoja atapewa mita yake? Majibu mtakayopata tutumieni, nasi tutayachapisha.