Huyo Mnayemrekodi Akikoroma Hajalala Fofofo

Wasee, hebu tuongee kuhusu hizi video za watu wakikoroma. Mtu amelala kwa matatu, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kusaga unga. Msee wa nyuma anatoa simu, anarekodi, anawekea muziki. Kufikia kesho nchi nzima inacheka.

Kazi yangu ni kutengeneza video, kwa hivyo najua ni kwa nini hizo zinauza. Lakini nasema tuziache, na si kwa sababu ya adabu peke yake. Huyo mtu anaweza kuwa anakatika pumzi mbele yenu.

Mimi si daktari, na chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini hii si ngumu kuelewa. Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa watu wengine inalegea hadi njia ya hewa inaziba. Pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo ili apumue. Ndio ile sauti ya kukabwa unayoisikia baada ya kimya. Asubuhi hakumbuki chochote. Hiyo ndiyo inaitwa apnea ya usingizi.

Ikitokea mara 5 hadi 14 kwa saa, ni ya kiwango cha chini. Ikifika 30, ni kali. Sasa piga hesabu ya usiku mzima. Huyo mtu amelala saa nane na bado anaamka amechoka, kichwa kinauma, mdomo umekauka. Ikiachwa hivyo, inaenda pamoja na presha, magonjwa ya moyo na kiharusi.

Mjomba wangu aliendesha lori miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba. Kwetu alisifiwa kwa kulala kama gogo. Siku moja akasinzia kwenye usukani karibu na Salgaa, lori likatoka barabarani. Alipona, lakini tajiri wake akamwita mzembe na kumfuta. Hakuna aliyemuuliza usiku analalaje. Alipopimwa baadaye, pumzi ilikuwa inakatika zaidi ya mara 40 kwa saa.

Ndio maana nakasirika tukiita kila anayesinzia mvivu. Dereva, soja wa usiku, yule mwanafunzi wa nyuma darasani: kabla ya kumtukana, uliza analala vipi. Na usidhani ni ya wanaume wanene pekee. Unene unaongeza hatari, ndiyo, lakini mwembamba mwenye taya ndogo anaweza kuipata, mama yako pia, hata mtoto mwenye tonsili kubwa.

Habari njema ni kwamba inatibika. Mwaka wa 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney walichapisha matokeo ya mashine inayosukuma hewa kupitia puani ili koo lisizibe. Leo inaitwa CPAP, na ndiyo tiba inayotegemewa zaidi. Kuna pia kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya mbele. Kwa watoto, mara nyingi kutoa tonsili kunasaidia sana. Mwaka wa 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kupunguza uzito, tirzepatide, kwa watu wazima wanene wenye apnea ya wastani au kali.

Najua mtasema mashine si bei ya maandazi. Kweli, na ningependa kusikia wanasiasa wetu wakiongea kuhusu hilo. Lakini kuna ya kuanza nayo bila pesa: lala kwa ubavu, achana na keroro kabla ya kulala, punguza uzito kama umezidi. Hizo haziondoi haja ya kupimwa, lakini zinasaidia.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini ukisikia kukoroma, kimya, halafu kukabwa, na mchana mtu anasinzia ovyo, usinyamaze. Yeye hawezi kujisikia akiwa amelala. Wewe unamsikia.

Kwa hivyo ukitaka kurekodi, rekodi mtu wa kwenu. Dakika mbili tu zinatosha. Halafu usipost. Mwonyeshe mwenyewe asubuhi, mwambie aende nayo kwa daktari. Hiyo video ikitazamwa na watu wawili tu, imefanya kazi.